Asali, Michembe na Utamu wa Sikukuu: Katekesi Iliyomo Mezani Mwetu

Noeli au Pasaka inapokaribia, familia nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita huanza kupiga hesabu: sukari, unga wa ngano, mafuta ya kukaangia maandazi, soda za watoto. Katika hesabu hiyo ni rahisi kusahau kwamba tangu kale Mama Kanisa ametumia vitu vitamu kufundisha imani, na kwamba utamu huo haukutoka dukani, bali mzingani.

Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Kartago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, alishuhudia kwamba wabatizwa wapya walipotoka majini walionjeshwa maziwa yaliyochanganywa na asali. Ishara hiyo ilieleweka kwa namna mbili. Kwanza, kwa Ubatizo wameingia katika nchi ya ahadi, ile nchi ya maziwa na asali ambayo Mungu alimwambia Musa habari zake (Kut 3:8). Pili, wao ni wachanga katika imani, wanaohitaji kulishwa ili wakue (1 Pet 2:2).

Nyuki hawajaondoka katika Liturujia yetu. Katika Mkesha wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka huitaja kazi yao, kwa kuwa nta ndiyo asili ya mshumaa unaotuangazia usiku ule. Naye Mtakatifu Ambrosi, tunayemkumbuka tarehe 7 Desemba wakati wa Majilio, huheshimiwa kuwa msimamizi wa wafuga nyuki.

Je, michembe na matobolwa ya Usukumani? Kanisa halijayapa maana yoyote rasmi, nasi hatupaswi kuizua. Duniani kumeenea simulizi kwamba peremende ya Noeli yenye umbo la bakora ilibuniwa kuwa herufi ya kwanza ya jina la Yesu. Simulizi hiyo haina ushahidi wa kihistoria. Hata hivyo, michembe inaweza kututafakarisha. Kiazi kitamu hukatwa vipande na kuanikwa juani, kikawa akiba ya miezi ya uhaba kabla ya mavuno mapya, miezi ambayo mara nyingi hukutana na Kwaresima. Utamu wake haupotei kwa kukaushwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa tumaini la Mkristo anayefunga akiingojea Pasaka.

Mafundisho haya yanatudai jambo. Asali ya Bukombe na Mbogwe hutegemea miti ya miombo, na miti hiyo hukatwa kwa ajili ya mkaa na kwa ajili ya matimba ya mashimo ya dhahabu. Msitu ukiisha, nyuki huhama. Hatuwezi kuusifu mshumaa wa Pasaka huku tukiwafukuza wanaotupatia nta yake.

Vilevile, katika makazi ya wachimbaji wadogo, zipo nyumba ambamo dhahabu haikupatikana na sikukuu imefika. Watu wa Israeli walipoisikiliza Torati, waliambiwa washerehekee kwa vinono na vitamu, lakini pia wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu (Neh 8:10). Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize mapema, kabla ya mkesha: ni nyumba ipi kati yetu haitakaanga andazi hata moja? Sahani itakayopelekwa huko ndiyo katekesi ambayo mtoto wa nyumba ile ataikumbuka.