Kubadilisha amortisere nyumbani: hatari haiko kwenye bulo, iko kwenye resori

Mazda MX-5 ni motokari ndogo ya michezo, yenye viti viwili na paa la kufungua. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwezi wa pili 1989, na mwezi wa nne 2016 kiwanda kikatoa ile ya milioni moja. Huko Japani, Ulaya na Marekani, wenye motokari hiyo wengi hawaendi garaje kwa kila kitu: wanaipandisha juu mbele ya nyumba na kubadilisha amortisere kwa mikono yao.

Kwa mekanisie wa Goma, Bukavu ao Uvira, ambaye garaje yake ni parsele anamolala, hilo si jambo la kushangaza. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna hatua moja inayoweza kuua mtu, ikiwa motokari ni Mazda ya starehe ao Toyota RAV4 inayobeba familia nzima.

Amortisere haibebi motokari

Watu wengi wanafikiri kama amortisere, ile wengine wanaita shokamzoba, ndiyo inabeba uzito wa motokari. Sivyo. Uzito unabebwa na resori. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, resori inajikunja, kisha inajikunjua kwa nguvu, na ikiachwa peke yake ingeendelea kurukaruka.

Amortisere ndiyo inakataza kurukaruka huko. Ni bomba lenye mafuta, na ndani yake kuna pistoni yenye vitundu na vali. Mafuta yanalazimishwa kupita polepole katika vitundu hivyo, nguvu ya mwendo inageuka kuwa joto, na motokari inatulia. Ndiyo sababu ukiigusa amortisere nzima kisha safari ya barabara mbovu, utaikuta ina joto.

Ikichoka, inatoa alama. Mafuta yanavuja kwenye bomba, pua ya motokari inainama sana ukikanyaga freni, mipira inalika kwa mabaka-mabaka. Ukisukuma kona ya motokari chini kwa nguvu na kuiachilia, inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kuyumba, kuna ubaya. Ikitulia, hilo peke yake si ushuhuda kwamba amortisere ni nzima. Angalia alama zingine pia.

Si mambo ya starehe tu. Gurudumu lililoruka juu haligusi udongo, na gurudumu lisilogusa udongo halifungi freni wala halifuati usukani. Dereva anayetelemka milima ya Ngomo, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, anahitaji magurudumu yote mane chini. Vilevile anayepita juu ya mawe ya Nyiragongo mjini Goma, mji ambao sehemu yake ilifunikwa na lava mwezi wa kwanza 2002.

Kazi inaanza mbele ya kriki

Kazi inaomba uwanja wa sawa na mgumu, si mchanga wala mteremko. Magurudumu yanayobaki chini yanazuiwa kwa mawe ao vipande vya mbao. Ekru za gurudumu zinalegezwa kidogo wakati motokari ingali chini, kisha inapandishwa kwa kriki na kuketishwa juu ya shandeli, vile viguu vya chuma. Kriki ni ya kupandisha, si ya kushikilia. Hakuna mtu anayeingia chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Bulo zilizoshikwa na kutu zinapakwa mafuta ya kulegeza siku moja mbele. Pia ni vizuri kupiga picha kwa telefone kabla ya kufungua kitu chochote: kila kipande kilielekea wapi, waya ilipita wapi, bomba la freni lilifungwa wapi. Bomba hilo haliachwi kubeba uzito wa vipande vinavyoning'inia.

Kwa MX-5 ya kwanza, ile iliyotengenezwa mpaka 1997, kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na amortisere imepita katikati ya resori. Juu imefungwa kwa ekru mbili: za mbele unazipata ndani ya kapo, za nyuma ndani ya kofre. Chini imefungwa kwa bulo moja. Ukizitoa, na ukisukuma mkono wa chini ili kupata nafasi, amortisere na resori vinatoka pamoja.

Hapa ndipo wengi wanajisifu mapema. Kufikia hapo wamefungua bulo tu. Kazi yenyewe ndiyo inaanza.

Resori iliyojikunja

Hata ikiwa mezani, inje ya motokari, resori ingali imebanwa kati ya sahani mbili. Kinachoizuia isijikunjue ni ekru moja tu, ile ya katikati, juu ya ufito wa amortisere. Mtu akiifungua bila kubana resori kwanza, resori inaruka pamoja na sahani yake na kupiga chochote kilicho mbele yake: mkono, kifua ao kichwa. Toyota RAV4 na Corolla nyingi zina hatari hiyo hiyo kwa mbele. Mfumo wao unaitwa MacPherson, jina la injinia Mmarekani aliyeubuni, na humo pia resori imebanwa juu ya amortisere.

Kuna chombo cha kubana resori, chenye kulabu na bulo ndefu. Kama ni viwili, vinawekwa kwa pande mbili zinazoelekeana, na vinakazwa kwa zamu, mizunguko michache huku, mizunguko michache kule, ili resori isipinde. Mashini ya kufungulia ekru kwa kasi haitumiwi hapo. Uso na kifua havikai kwenye mstari wa resori. Ekru ya katikati inaguswa tu wakati resori imelegea kabisa ndani ya sahani zake. Kamba, waya wa kufungia ao kulehemu vyuma juu yake si chombo.

Asiye na chombo kizuri ana njia nyingine isiyo na haya. Afungue nyumbani, apeleke amortisere na resori yake vingali pamoja kwa garaje yenye mashini ya kubana, walipe hatua hiyo moja tu, kisha arudi kufunga mwenyewe. Ataokoa sehemu kubwa ya mali yake bila kuweka uhai wake mezani.

Makosa yanayoua amortisere mpya

Ufito wa amortisere haushikwi na koleo. Mkwaruzo mdogo unakata mpira wa kuzuia mafuta, na amortisere mpya inaanza kuvuja mapema. Kofia ya vumbi na mpira wa kuzuia mgongano vinaangaliwa pia. Vikiwa vimepasuka, vinabadilishwa. Nyingi kati ya amortisere za siku hizi zina gesi yenye presha ndani: haziguswi na msumari, moto wala mashini ya kulehemu.

Amortisere zinabadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja ao za nyuma pamoja. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine umechoka, motokari inavutwa upande wakati wa freni.

Kosa lingine halionekani haraka. Bulo zinazopita katika mipira ya mikono ya gurudumu hazikazwi kabisa wakati magurudumu yananing'inia. Zinakazwa mwisho, motokari ikiwa imebeba uzito wake kama barabarani. Zikikazwa hewani, mpira unabaki umejipinda kila siku, na unapasuka mbele ya wakati. Nguvu ya kukaza inafuata kitabu cha motokari hiyo, kwa kle yenye kupima, si kwa makisio ya mkono.

Kisha motokari inatembezwa polepole karibu na nyumba, masikio yakiwa wazi, na ekru zote zinapitiwa tena. Usukani ukivuta upande ao ukikaa umepinda, inapelekwa kufanyiwa paralelisme, yaani kunyoosha magurudumu. Kwa MX-5, ambayo pembe za magurudumu yake zinarekebishwa mbele na nyuma, hatua hiyo hairukwi.

Kwa hiyo parsele inaweza kuwa garaje nzuri. Bulo, kusafisha, kufunga na kukagua ni kazi ya mtu mwenye uvumilivu na kle zake. Lakini chombo cha kubana resori kikikosekana, ekru ya katikati isifunguliwe.