Noti za Zamani za Tanzania: Laki Moja Uiweke Wapi?

Kama una laki moja na hamu ya kuanza kukusanya, anza na noti za miaka ya 1980 na 1990. Shilingi 20 na 200 zenye sura ya Mzee Mwinyi bado zinapatikana, tena zisizokunjwa, na bei yake inabebeka.

Ila ujue jambo moja. Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6, 2025 hadi Aprili 5. Muuzaji anayekwambia "ukizichoka benki watazipokea" anakudanganya. Thamani yake sasa ni ile atakayokubali mkusanyaji mwenzako, basi.

Toleo la kwanza la 1966, lenye sura ya Mwalimu Nyerere, ndilo zuri kuliko yote, na linastahili kusubiriwa. Lilikuwa na noti za 5, 10, 20 na 100. Mia zama zile ilikuwa pesa nzito. Wachache waliweza kuifungia kabatini bila kuitumia, ndiyo maana safi yake ni ghali. Chukua tano iliyo safi, uiache mia iliyochakaa: mikunjo na michaniko hula bei vibaya sana.

Za Mjerumani za 1905 waachie wenye uwezo. Rupia moja ya 1915, iliyochapishwa humu nchini Waingereza walipofunga bahari wakati wa vita, ni nafuu zaidi, lakini karatasi yake ni dhaifu. Na rupia za Zanzibar za 1908 ni adimu mno. Ukiuziwa kwa bei ya kanga, umeuziwa nakala.

Gharama zinazouma hazionyeshwi kwenye picha. Mnada wa nje una kamisheni ya mnunuzi, posta, bima, makato ya kadi, kisha kodi mzigo ukifika. Noti ya bei ndogo inaweza kuzidiwa na nauli yake yenyewe. Nunua kadhaa kwa muuzaji mmoja, zisafiri bahasha moja.

Tenga pia fedha ya mifuko ya poliesta. Ile laini ya PVC hutoa mafuta yanayoharibu karatasi. Usizifue, usizipige pasi, usizilaminishe.

Kabla ya kulipa, inua noti ya zamani ya Benki Kuu kwenye mwanga utafute kichwa cha twiga ndani ya karatasi. Usipokiona, usinunue.