Vijidudu vya tumboni, tangu uchanga hadi uzee



Mtoto akianza kuharisha, wazazi wengi hufikiri mara moja kwamba kuna vijidudu tumboni na ni lazima viuawe. Basi mama anatuma mtu dukani, analetewa vidonge vya rangi mbili, anafungua kimoja na kumwaga unga wake katika kijiko cha uji. Jambo hili hufanyika Handeni, hufanyika Korogwe, na hufanyika mahali pengi pengine. Nia ni njema, lakini je, kila kijidudu kilichomo tumboni ni adui?

Sivyo. Katika utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria wengi mno wasiohesabika. Walio wengi hawatudhuru, tena hutufanyia kazi. Huvunjavunja makapi ya mboga, kunde na nafaka ambayo tumbo lenyewe haliwezi kuyasaga. Hutengeneza baadhi ya vitamini. Husaidia kinga ya mwili wa mtoto kukomaa. Tena huziba nafasi, ili wale waletao maradhi wasipate mahali pa kukaa, kama vile magugu yanavyokosa nafasi katika shamba lililostawi vizuri.

Je, bakteria hawa hubaki vilevile maisha yote? Hapana, hubadilika kwa umri. Ili kuelewa mabadiliko hayo, wataalamu wamewachunguza pia wanyama wanaofanana nasi.

SOMO KUTOKA KWA SOKWE

Sisi wa Handeni na Korogwe tunawafahamu nyani na ngedere wanaovamia mahindi, na mbega wa misitu ya Usambara. Sokwe hatunao. Kwa hapa Tanzania wanaishi magharibi, huko Gombe na Mahale, na kwa majirani zetu wa Uganda wamo katika msitu wa Kibale. Ni wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Huko Kibale, mahali paitwapo Kanyawara, watafiti wamewafuatilia sokwe tangu mwaka 1987. Kila sokwe anajulikana kwa sura na kwa jina, na umri wake unajulikana au umekadiriwa. Sokwe akishajisaidia na kuondoka, watafiti huokota kinyesi chake na kukipeleka maabara. Mnyama hakamatwi wala hachomwi sindano. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo, kuanzia watoto wasiotimiza mwaka mmoja hadi wazee waliopita miaka 60.

Yalionekana mambo mawili. La kwanza, watoto wa chini ya miaka miwili walikuwa na bakteria tofauti na wa wakubwa, wakiwemo wale wapendao maziwa. Lakini aina za bakteria wao zilikuwa nyingi. Hapo wanatofautiana na mtoto wa binadamu, ambaye mwanzoni huwa na aina chache. La pili, sokwe wazee hawakupungukiwa. Tumbo la bibi lilikuwa na utajiri wa bakteria kama la sokwe kijana.

Tukumbuke jinsi sokwe wanavyoishi. Mtoto hubebwa na mama yake mchana kutwa, hulala naye usiku, na huonja majani na matunda mapema huku akiendelea kunyonya kwa miaka minne au mitano. Mzee naye hula matunda na majani yaleyale wanayokula wenzake. Hakuna anayetengewa chakula hafifu kwa sababu amezeeka.

CHAKULA KIKIPUNGUA

Mfano mwingine ni wa hapa nchini. Mbega wekundu wa Udzungwa nao wamo hatarini. Watafiti waliwalinganisha mbega wa msitu mkubwa wa Mwanihana na wale wa Magombera, msitu mdogo uliozungukwa na mashamba. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wa Magombera walikuwa na aina chache zaidi za bakteria tumboni. Msitu ukiharibiwa, chakula cha mnyama hubadilika, na bakteria wake nao hubadilika.

Je, kwa binadamu? Mtoto wetu huanza na aina chache za bakteria wanaoishi kwa maziwa. Maziwa ya mama yana sukari za namna ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Hizo ni chakula cha bakteria wake wema. Akifikia umri wa miaka mitatu hivi, bakteria wake hukaribia kufanana na wa mtu mzima. Kuhusu wazee, uchunguzi wa Ireland uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wazee waliokaa muda mrefu katika nyumba za kutunzia wazee, wakila vyakula vya aina chache, walikuwa na bakteria wa aina chache na afya dhaifu kuliko wazee waliobaki majumbani kwao.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji. Kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Tusiwaige sokwe kwa kumwonjesha mtoto vyakula mapema, kwani maji na vyombo vyetu vyaweza kumletea maradhi.

2. Baada ya miezi sita apewe vyakula mchanganyiko. Uji wa mahindi mtupu hautoshi. Ziongezwe kunde zilizopondwa, mchicha, matembele, mlenda, papai, ndizi na machungwa.

3. Mtoto akiharisha, apewe maji yenye dawa ya pakiti ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kama anavyoelekeza mhudumu wa afya, na aendelee kunyonya. Vidonge vya rangi mbili ni viuavijasumu. Mara nyingi kuharisha hakuhitaji dawa hizo, nazo huua bakteria wema pamoja na wabaya. Zitumike kwa maagizo ya mganga tu, na akishaziagiza zimalizwe zote. Kukiwa na damu katika choo, homa kali, macho kuingia ndani au mtoto kushindwa kunywa, apelekwe zahanati bila kuchelewa.

4. Wazee wasiachiwe ugali na chai tu. Kama meno yamekwisha, wapikiwe kunde hadi zilainike, mboga zikatwe ndogondogo, na papai lipondwe.

5. Usafi ubaki palepale. Kuwa na bakteria wema hakutukingi na maji machafu. Tunawe mikono kwa sabuni, tuchemshe maji ya kunywa na tutumie choo.

Katika nyumba zetu nyingi bibi na mjukuu hukaa jiko moja. Mara nyingi wao ndio wanaopata chakula laini kisicho na mboga wala kunde, mmoja kwa kuwa bado hana meno, mwingine kwa kuwa meno yamekwisha. Anayepakua chakula awaangalie hao wawili kwanza.