SHOMORO WA MLANGONI NI YUPI?

Huenda ndege ajulikanaye kuliko wote katika nchi ya Kenya ndiye atazamwaye kidogo kuliko wote. Hujenga chini ya bati la duka, huokota punje mbele ya kinu cha kusagia unga, na hata ofisini huingia kwa dirisha bila kubisha hodi. Mtu akiulizwa huyu ni ndege gani, hujibu, "Ni shomoro tu." Lakini Kenya ina shomoro wa namna nyingi, na baadhi yao wamefanana hata wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya hesabu yao.

Kwanza yafaa mkulima amwondoe kwelea katika jamaa hii. Kwelea si shomoro, bali ni wa ukoo wa mnana, na madhara yake hayana kifani. Na bado twapigana naye: mwanzoni mwa mwaka 2023 kwelea waliharibu ekari zipatazo 300 za mpunga katika kaunti ya Kisumu, na serikali ikalazimika kuwapulizia dawa. Kwelea huja makundi kwa makundi, kama wingu linalogeuka angani. Dume wakati wa kuzaa huwa na mdomo mwekundu na uso mweusi. Shomoro hula nafaka, hilo halikanushwi, lakini hakai katika makundi ya namna hiyo, na makinda yake huwalisha wadudu. Mtu anayekwenda kwa afisa wa kilimo kutoa habari za kwelea, kumbe ameona shomoro ishirini juu ya ghala, amewasumbua watu bure.

Tukiisha kumtenga kwelea, tutazame koo. Ikiwa dume ana doa jeusi kooni, kama aliyefungwa kitambaa, basi ni mmoja wa wawili wanaokutwa sana. Wa kwanza ni mwenyeji wa nyanda za juu, shomoro mwekundu wa Kenya. Utosi wake ni wa kijivu, mgongo una rangi ya kutu pamoja na michirizi myeusi, na kiuno juu ya mkia nacho ni cha rangi ya kutu. Jicho lake ni jeupe-jeupe, nalo ni alama nzuri sana ikiwa ndege yu karibu. Wa pili ni mgeni, shomoro wa nyumbani, ambaye alifika Mombasa kutoka ng'ambo ya bahari katika karne ya 20. Huyu jicho lake ni jeusi, shavu lake ni jeupe, na kiuno chake ni cha kijivu. Wakigeuka wakaruka, kitazame kiuno. Mara nyingi hicho peke yake chatosha. Jike nao wana tofauti: jike wa shomoro mwekundu ana kivuli cha doa kooni, bali jike wa yule mgeni hana kitu, ila ukope mweupe hafifu juu ya jicho.

Kazi ngumu ni ya wale wasio na doa jeusi, yaani shomoro wenye kichwa cha kijivu. Dume na jike wamefanana, na kwa mtazamo wa haraka wote ni kitu kimoja: kichwa cha kijivu, mgongo wa hudhurungi, tumbo la kufifia. Watu wengi hutazama kichwa, na kichwa ndicho kisichosema neno. Tazama mahali pengine patatu: koo, mgongo na mdomo.

Yule wa magharibi, ambaye ndiye wa kawaida huko Kisumu na Kakamega, ana koo jeupe linaloonekana wazi chini ya kijivu cha kichwa, na mgongo wake mwekundu-mwekundu umeachana kabisa na rangi ya kichwa. Katika nchi kavu za kaskazini na mashariki, mpaka pwani, yuko mwingine aliye mkubwa zaidi, mwenye mdomo mnene uliopinda kama wa kasuku. Huyu hana koo jeupe. Kijivu kimeshuka kutoka kidevuni hadi tumboni bila kukatika. Jina lake la kitaalamu, gongonensis, latokana na Gongoni, mahali pa pwani yetu wenyewe. Upande wa kusini, katika nchi ya Wamasai na kuingia Tanzania, yuko wa tatu, suahelicus, ambaye mgongo wake umefifia ukakaribia rangi ya kichwa, hata mpaka kati ya hivyo viwili ni vigumu kuuona. Na huko mpakani mwa Ethiopia, upande wa Moyale, yuko mwingine mweusi-mweusi kidogo.

Je, hawa ni spishi mbalimbali, au ni nususpishi tu, yaani matawi ya spishi moja yaliyoachana kwa nchi wanazokaa? Vitabu vingine huwagawa, vingine huwaweka pamoja. Sababu ya ubishi huo ni kwamba mahali wanapokutana huoana, na watoto wao huwa na alama za pande zote mbili. Kwa maoni yetu, mtu aliyesimama shambani hana haja ya kuamua shauri hilo. Haja yake ni kueleza alichokiona.

Wala tusidhani kwamba matawi haya yaliumbwa yakakaa vile vile milele. Yule shomoro wa nyumbani alipelekwa Marekani kutoka Ulaya katika miaka ya 1850. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Richard Johnston na Robert Selander, walitangaza kwamba ndege hao walikwisha kubadilika: wa nchi za baridi walikuwa wakubwa, na wa nchi kavu za jangwa walikuwa na rangi iliyopauka. Yote hayo kwa muda wa miaka mia na kitu. Basi mahali alipoonekana ndege ni ushahidi kama vile manyoya yake yalivyo ushahidi.

Lakini ushahidi huo una hila zake. Shomoro hupenda kuoga vumbi, na penye udongo mwekundu koo jeupe hugeuka rangi ya matofali. Makinda wamefifia kuliko wazazi. Mdomo huwa mweusi wakati wa kuzaa, kisha hupauka. Kwa hiyo umbo la mdomo ni la kuaminika kuliko rangi yake. Jua la saa sita hufuta kila kitu. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, ukae kimya. Darubini husaidia, lakini shomoro hana woga mwingi, na mwenye subira ataona kwa macho yake.

Andika siku, mahali, idadi ya ndege, na alama ulizoziona kweli. Ikiwa hukuliona koo, andika "kichwa cha kijivu" ukome hapo. Neno hilo pungufu ni la thamani kuliko jina kamili la kubahatisha, kwa maana jina likiisha kuingia katika orodha hakuna awezaye kumrudisha ndege aje kutazamwa tena. Na orodha hizo zina kazi. Yule mgeni wa Mombasa alipanda bara akifuata reli na barabara kuu, kituo kwa kituo, soko kwa soko, mpaka akafika Nairobi, katika nchi ya shomoro mwekundu. Kama atamsukuma mwenyeji wake au watakaa pamoja, hilo litajulikana kwa hesabu za watu wa vituo vidogo njiani, ambao kila asubuhi hufungua duka au ofisi na kuwakuta hawa ndege wamekwisha kuamka.