Mtoto wa Tangazo Akishabalehe

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walimpenda mtoto mmoja aitwaye Rodney Allen Rippy. Kwenye tangazo la migahawa ya baga ya Jack in the Box, ameikumbatia baga kwa mikono miwili, anaachama mpaka basi, na bado haiingii kinywani. Mwaka 1973 akarekodi wimbo. Mwaka 1974 akaonekana kwenye filamu ya Blazing Saddles. Wakati huohuo Mason Reese, mwenye nywele nyekundu na sauti ya kukwaruza kama ya mzee, aliitangaza nyama ya kopo ya Underwood huku akikosea kutamka neno gumu, na watu wakavunjika mbavu. Matangazo yake yalimletea tuzo saba za Clio, ambazo ni tuzo za matangazo.

Kilichowauza watoto hao ni udogo wa kinywa na uzito wa ulimi, na vyote hivyo umri huviondoa. Kijana wa miaka 14 akipewa baga ileile ataila aimalize, na hakuna atakayegeuza shingo. Reese alipofika miaka 12, mwaka 1977, kituo cha televisheni cha ABC kilirusha kipindi chake cha majaribio, kikaishia hapohapo.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma vijana hawa. Mtu mzima akikosa kazi hujiuliza ameharibu wapi, akajirekebisha. Kijana huyu hajaharibu kitu, amekua tu. Anaingia kwenye usaili na chunusi zake na sauti inayokatikakatika, mbele ya watu wanaoutafuta ule uso wa zamani. Hata ukubwani umaarufu ule haumbebi mtu: Rippy aligombea umeya wa mji wa Compton, California, mwaka 2013 akapata kura 75.

Kinga kidogo ipo: California ina sheria ya tangu mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, iliyotungwa baada ya Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, kukua na kukuta mama yake na baba wa kambo wameshatumia mamilioni ya dola aliyoyachuma. Siku hizi asilimia 15 ya mapato ya mtoto huwekwa akiba mpaka awe mtu mzima. Ni sheria nzuri, ila inalinda fedha tu.

Mwigizaji Jodie Foster naye alianzia kwenye tangazo, la mafuta ya kujipaka juani ya Coppertone, akiwa na miaka 3. Lakini yeye alizidi kupewa kazi ngumu kadiri alivyokua: filamu ya Taxi Driver ya mwaka 1976 ilimfanya ateuliwe kuwania Oscar akiwa na miaka 14. Akasoma Chuo Kikuu cha Yale, kisha akatwaa Oscar mbili. Hakuna aliyemdai arudie utoto wake.

Mzazi unayefuatwa ili mwanao atangaze sabuni au mtandao wa simu, uliza kwanza fedha zinaingia akaunti ya nani na vipindi vya shule vitafidiwa lini. Uliza pia nani atamfundisha uigizaji wenyewe, ili akibalehe awe na kazi mkononi. Usipojibiwa, usisaini.