"Bangi Imehalalishwa": Neno Moja, Sheria Nyingi

Katika mabaraza na vikao vya vijana, hoja moja hurudi mara kwa mara. Huyu anasema nchi fulani ilihalalisha bangi na hakuna kilichoharibika. Yule anasema ilihalalisha na watoto wanaangamia. Wote wawili hutaja Kanada, Marekani au Afrika Kusini kana kwamba zilipitisha sheria moja. Watafiti wa afya ya umma hawana nafasi hiyo. Kabla ya kuhesabu wagonjwa hospitalini, ni lazima waziainishe sheria zenyewe: nini hasa kimeruhusiwa, kwa nani, wapi, na kuanzia lini.

Wakenya wanaijua hali hii kupitia pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iligusa saa za baa, umri wa mnunuzi na umbali wa baa kutoka shuleni. Baada ya ugatuzi, kaunti zikatunga sheria zao za leseni. Anayeuliza kama pombe ni halali Kenya atajibiwa ndiyo, lakini jibu hilo halimwambii lolote kuhusu kijana wa miaka 16 anayepita mbele ya baa kila jioni.

Kwa bangi ya starehe tofauti ni kubwa zaidi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia na kuikuza faraghani, biashara haikuruhusiwa. Uruguay, iliyopitisha sheria yake Desemba 2013, humtaka mtumiaji ajisajili na kuchagua njia moja: kukuza nyumbani, kujiunga na klabu, au kununua katika duka la dawa. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilichagua maduka ya wafanyabiashara wanaoshindania wateja. Ureno nayo hutiwa katika orodha hii kimakosa. Huko, tangu 2001, anayepatikana na kiasi kidogo cha kujitumia hashtakiwi kwa jinai bali hufikishwa mbele ya tume maalum, lakini marufuku ingalipo.

Mtafiti akizitia sheria hizi zote katika kapu moja, wastani atakaoupata hautakuwa wa mahali popote.

Mtego wa tarehe

Jimbo la Vermont liliwaruhusu watu wazima kuwa na bangi na kuikuza kuanzia Julai 2018, lakini maduka hayakufunguliwa hadi Oktoba 2022. Utafiti unaotafuta athari za maduka kuanzia 2018 utakuwa unapima kitu ambacho hakikuwepo, kisha utatangaza kwamba hakuna madhara. Colorado ilipiga kura Novemba 2012. Maduka ya starehe yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Isitoshe, bangi ya matibabu ilikuwa imekubaliwa huko kwa kura ya 2000, kwa hivyo hata kipindi cha "kabla" hakikuwa kipindi bila bangi. Tena miji ya jimbo hilo ina uhuru wa kuyakataa maduka, na mingine imeyakataa.

Peremende na watoto wa Kanada

Umuhimu wa kazi hii unaonekana vizuri Kanada. Bangi ilihalalishwa nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, lakini mikoa iliachiwa mengi. Alberta iliweka umri wa miaka 18 na kutoa leseni kwa maduka ya watu binafsi. Quebec iliyaweka maduka yote chini ya shirika la serikali, na Januari 2020 ikapandisha umri hadi miaka 21. Vyakula vyenye bangi vilipoanza kuuzwa nchini wakati huohuo, Quebec ilikataa peremende, chokoleti na vitamutamu vingine.

Watafiti walipolinganisha mikoa, waliona watoto wadogo wakilazwa kwa sumu ya bangi wameongezeka kote, ila ongezeko lilikuwa kubwa zaidi pale peremende hizo zilipouzwa. Mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti ya peremende na dawa. Kama Kanada ingehesabiwa kuwa "nchi moja iliyohalalisha", jambo hilo lisingeonekana. Hata hivyo, Quebec ina masharti mengine makali kwa pamoja, kwa hivyo si haki kuipa marufuku ya peremende sifa yote.

Hali ya Kenya

Hapa nchini hakuna kilichobadilika. Chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, kuwa na bangi, kuikuza na kuiuza ni makosa. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu katika udhibiti wa dawa za kulevya. Mwananchi anayehitaji ushauri kuhusu uraibu, wake au wa jamaa yake, anaweza kupiga simu ya NACADA bila malipo kupitia nambari 1192.