Kitu kimoja, mikono mingi: historia ya Katanga na Tanganyika kupitia vitu vya makumbusho



Karibu kila mkutano wa amani tunaousimamia hufika kwenye swali moja: nani alitangulia hapa? Swali hilo likiisha kuulizwa, kila upande hutoa historia yake, na mara nyingi mazungumzo hukatika. Katika makala hii tunaeleza njia nyingine ya kuingia katika historia, yaani kuanza na kitu kinachoonekana na kushikika. Kitu hakimalizi ubishi. Lakini kinatuletea maswali mengine: nani alikitengeneza? Chuma au shaba yake ilitoka wapi? Kilipita katika mikono ya nani?

Misalaba ya shaba

Makumbusho ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Miongoni mwa vitu vinavyohifadhiwa humo kuna vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Si msalaba wa kanisa. Mafundi wa Katanga walikuwa wakivitengeneza karne nyingi kabla ya wamisionari kufika.

Miaka ya 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Humo walikuta misalaba hiyo pamoja na vyungu na vitu vya chuma vilivyozikwa na wafu. Misalaba ya baadaye ni midogo, mingi, na ya vipimo vinavyokaribiana, na ndiyo sababu wanahistoria wanaona kwamba ilitumiwa kama fedha.

Tufikiri kidogo. Sanga ni nchi ya samaki, si ya shaba. Shaba ilitoka mbali, upande wa kusini. Katika makaburi hayohayo zilikutwa pia kauri, ambazo asili yake ni Bahari ya Hindi. Basi watu wa ziwani hawakuishi peke yao. Waliuza, wakanunua, wakapokea wageni. Kaburi la mtu mmoja linatuonyesha kazi ya mikono ya watu ambao pengine hakuwahi kuwaona.

Lakini kitu kinaweza pia kutumiwa kutenga watu. Mwaka 1960 Katanga ilipojitangaza kuwa nchi ya peke yake, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake, mpaka utengano ulipokwisha mwaka 1963. Kitu kilichokuwa kikivuka mipaka kikafanywa alama ya mpaka. Kwa hiyo kila tunapoonyeshwa kitu cha zamani, tuulize: anayetuonyesha anataka tukione kwa sababu gani?

Ubao wa kumbukumbu

Baluba wana kitu kinachoitwa lukasa. Ni ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na michoro. Watu wa chama cha Mbudye walifundishwa kuusoma kwa kupitisha kidole juu yake. Shanga moja yaweza kumtaja mfalme, nyingine mahali, mstari wa shanga ukawa safari. Ubao mmoja haukusomwa vilevile kila mara, kwani msomaji alitazama shughuli iliyopo na watu walioketi mbele yake.

Historia ambayo wazee hao waliitunza inasema kwamba Mbidi Kiluwe alikuwa mwindaji aliyetoka mashariki, mgeni kabisa. Mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuanzisha ukoo wa wafalme. Hata ufalme mkubwa kama ule unakumbuka kwamba baba yake alikuwa mgeni. Neno hilo linatufaa sisi tunaoulizana kila siku nani ni mwenyeji na nani ni mtu wa kuja.

Kitu chenye vilio viwili

Vitu vingine havikununuliwa wala kutolewa zawadi. Mwezi wa Desemba 1884, watu waliotumwa na Émile Storms, mwanajeshi Mbelgiji aliyekaa Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, walimuua chifu Lusinga na kuchoma kijiji chake. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu yake ya mti pia ilichukuliwa, nayo imo katika makumbusho ya Tervuren.

Hilo ni jeraha la nchi yetu, na linadai haki. Lakini Lusinga naye alijulikana kwa kuteka watu na kuwauza. Mbele ya sanamu hiyo, mjukuu wa chifu ana kilio chake, na mjukuu wa waliotekwa ana chake. Historia ya kweli haifichi kilio kimoja ili kukuza kingine.

Tulivyojaribu sisi

Tangu mwaka 2000, mradi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi uitwao Mémoires de Lubumbashi ulikusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji na vitu vya maisha yao ya kila siku. Hiyo haikuwa kazi ndogo, kwani ni katika Katanga hiyo ambamo ndugu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi miaka ya 1992 na 1993.

Nasi tuliiga wazo hilo, kwa kadiri ya uwezo wetu, pamoja na watu waliokimbia vita kati ya Batwa na Baluba iliyopamba moto mwaka 2016 katika Tanganyika. Tuliomba kila mmoja alete kitu kimoja. Mama mmoja alileta mchi bila kinu. Kinu kilikuwa kizito, akakiacha, akambeba mtoto. Kila mama aliyekuwapo alielewa, wa upande huu na wa upande ule.

Kisha mzee Mtwa akatoa ncha ya mshale. Tulikuwa hatukuwatayarisha watu. Mjane mmoja Muluba aliinuka akatoka nje akilia, maana mumewe aliuawa kwa mshale. Kosa lilikuwa letu, si la mzee. Tulisimamisha mkutano. Baada ya siku kadhaa, tukiisha kumwona mjane na kupata ruhusa yake, mzee alieleza kwamba ncha ile ilifuliwa na fundi Muluba, naye aliilipa kwa asali. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mume wangu naye alikula asali ile.” Hakusema amesamehe, na hatukumwomba aseme.

Namna ya kufanya katika kambi au kijiji

1. Viongozi wa pande zote wakubaliane kwanza juu ya siku, mahali na kusudi.
2. Silaha zisiletwe. Anayetaka kueleza silaha aichore au aitaje, na waliofiwa waambiwe mapema.
3. Vitu vitakatifu vya mizimu na vya vyama vya siri visionyeshwe bila ruhusa ya wenyewe.
4. Kila kitu kiulizwe maswali yaleyale: nani alikitengeneza, kwa mali ya wapi, kilipita kwa nani, nani aliumia kwa ajili yake?
5. Kijana aandike majibu, na mwenye kitu arudi nacho nyumbani. Asiwepo mtu wa kuvinunua. Wengi wenu mmekwisha kuuza vitu vya wazee kwa ajili ya chakula, nasi hatuwalaumu. Lakini mkiuza, andikeni kwanza habari yake.
6. Mkutano usitumiwe kuamua mashamba. Mambo ya ardhi yana baraza lake.

Ndugu zetu, siku ya kurudi vijijini mtakuta nyumba zimebomoka na mipaka imefutika. Yatakayosemwa siku hiyo juu ya historia yatajenga au yatabomoa tena. Anzeni sasa, jioni, mkiota moto: shikeni kitu kimoja mlichokuja nacho, mwaulize watoto wanadhani kilitoka wapi, kisha mwaambie yote, pamoja na mikono ya jirani.